Jipe Moyo: Neno Linalomnyamazisha Mgonjwa wa Moyo

Karatasi ambayo mgonjwa wa moyo hukabidhiwa siku ya kutoka wodini huwa na mambo mengi: jina la ugonjwa, dawa na saa za kuzimeza, onyo kuhusu chumvi, mizigo asiyopaswa kuinua mpaka mfupa wa kifua uunge, na tarehe ya kurudi kliniki. Mara nyingi karatasi hiyo haimwambii kwamba katika majuma yatakayofuata anaweza kulia bila sababu anayoweza kuitaja, kuogopa kulala kwa kudhani hataamka, kuwakasirikia wale wale wanaomuuguza, au kukosa hamu ya chakula, ya mazungumzo na hata ya ibada aliyoizoea tangu utotoni. Kwa kuwa hakuambiwa, mambo hayo yanapomjia huyachukulia kuwa ni udhaifu wake mwenyewe, au dalili kwamba matibabu yameshindikana, au adhabu. Na kwa kuwa ndugu zake nao hawakuambiwa, humjibu kwa neno ambalo kila Mswahili analo mdomoni, yaani "jipe moyo", neno la upendo ambalo, likirudiwa kila anapotaka kusema lililomo ndani, humfunza mgonjwa kunyamaza.

Makala haya yanahusu kimya hicho. Huzuni na hofu zinazokuja baada ya maradhi makubwa ya moyo ni sehemu ya maradhi yenyewe. Zina njia zake za kuudhuru mwili, zinatibika, na hazitatibiwa mpaka mtu mwenye jukumu hilo amuulize mgonjwa swali na kungoja jibu lake.

Kuna hali mbili ambazo hazina budi kutenganishwa tangu mwanzo. Ya kwanza ni msukosuko wa hisia wa majuma ya awali, ambao huwapata wengi baada ya upasuaji au baada ya shambulio la moyo, yaani kufa kwa sehemu ya msuli wa moyo kutokana na kuziba kwa mshipa unaoulisha. Mgonjwa huota ndoto za kutisha, husahau mambo madogo, machozi humtoka akiangalia watoto wanacheza, na siku moja hujiona amepona ilhali kesho yake hujiona anakufa. Kwa wengi msukosuko huu hupungua wenyewe katika muda wa miezi miwili au mitatu, hasa wanapoambiwa mapema kwamba utakuja na kwamba utapita. Hali ya pili ni sonona, ambayo kwa maana ya kitabibu ni zaidi ya huzuni ya kawaida: hudumu kwa muda usiopungua majuma mawili, takriban kila siku, mtu akiwa amepoteza raha au hamu ya mambo aliyoyapenda, huku usingizi ukivurugika, mwili ukichoka, mawazo yakikataa kukusanyika, na nafsi ikijiona haina thamani. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano waliopata shambulio la moyo huwa na sonona kamili, na wengine wengi huwa na dalili zake kwa kiwango kidogo.

Ugumu uko katika kuzitambua, kwa sababu dalili za sonona na za moyo uliochoka huvaa nguo moja. Uchovu, kukosa usingizi, kupungua uzito, kutotaka kutoka nje: yote hayo yanaweza kuwa kazi ya moyo usiosukuma damu ya kutosha, na yote yanaweza kuwa kazi ya sonona, na mara nyingi ni kazi ya vyote viwili kwa pamoja. Daktari mwenye wagonjwa 40 mlangoni atauangalia moyo kwanza, na hana makosa. Kosa huanza pale moyo unapoonekana umetulia kwenye kipimo, mgonjwa akaambiwa kwamba yuko vizuri, naye akarudi nyumbani akijua hayuko vizuri na sasa hana tena wa kumwambia.

Kwamba jambo hili si la faraja tu bali la uhai wenyewe kulionekana wazi mwaka 1993, pale watafiti wa Montreal nchini Kanada, Nancy Frasure-Smith na wenzake, walipochapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 222 waliokuwa wamelazwa kwa shambulio la moyo. Wale waliokutwa na sonona wakiwa bado hospitalini walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki ndani ya miezi 6 kuliko wenzao, hata baada ya ukali wa ugonjwa wenyewe kuzingatiwa. Tafiti nyingine zilifuata, na mwaka 2014 kamati ya Chama cha Moyo cha Marekani ilipendekeza sonona itambuliwe rasmi kuwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari kwa wagonjwa wa aina hiyo. Njia zinazopitiwa na sonona mpaka kuufikia moyo ni kadhaa. Mwili unaoishi katika hofu na simanzi humwaga kwa wingi homoni za msongo, yaani adrenalini na kotisoli, ambazo huharakisha mapigo na kupandisha shinikizo la damu. Chembe sahani, ambazo ndizo huanzisha kuganda kwa damu, hunata kwa wepesi zaidi. Na uwezo wa moyo kubadilisha mwendo wake kulingana na hali hupungua. Lakini iko njia nyingine iliyo nyepesi kueleweka kuliko zote, nayo ni kwamba mtu aliyekata tamaa hamezi dawa. Haoni sababu ya kumeza.

Tafiti hizo zilifanywa zaidi kwa wanaume wa makamo wa Ulaya na Marekani Kaskazini, ambao mishipa yao ilizibwa na mafuta baada ya miaka mingi. Mgonjwa wa Afrika Mashariki anaweza kuwa mtu huyo huyo, na kadiri presha na kisukari zinavyoenea mijini ndivyo anavyozidi kufanana naye, lakini mara nyingi ni mtu tofauti kabisa. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao REMEDY, uliokusanya wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki kutoka nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, na umri wa katikati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28, theluthi mbili kati yao wakiwa wanawake. Moyo wa rumatiki ni ugonjwa unaoanzia kooni: mtoto hupata mafindofindo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoki, asitibiwe ipasavyo, kisha kinga ya mwili wake, katika kupambana na bakteria hao, hushambulia viungo na vali za moyo, yaani milango midogo inayofunguka na kufunga ili damu isirudi ilikotoka. Miaka hupita, vali hukakamaa au huvuja, na binti aliyekuwa akikimbia mchakamchaka shuleni hujikuta akipumzika mara tatu kabla ya kufika kisimani.

Kwa hiyo, mtu anayeambiwa kwamba ataishi na ugonjwa wa moyo, katika sehemu hii ya dunia, mara nyingi ni kijana ambaye hajaoa au hajaolewa, hajamaliza masomo, hajajenga. Simanzi yake haihusu kuyapoteza maisha aliyoyaishi, kama ilivyo kwa mzee. Inahusu maisha ambayo bado hajayaanza. Faraja zinazomfaa mzee, kama vile kumkumbusha watoto aliokwisha kuwalea, hazimfikii.

Nchini Tanzania, kabla ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kuanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wengi waliohitaji kupasuliwa moyo walipelekwa nje, hasa India, na familia ziliagana uwanja wa ndege bila kujua kama zitaonana tena. Kufanyika kwa upasuaji nyumbani kumeondoa uchungu huo mmoja, na ni hatua ambayo haistahili kupunjwa sifa zake. Hata hivyo, kupona kwenyewe hakutokei katika chumba cha upasuaji. Kunatokea Sengerema, Tunduru au Pemba, katika nyumba ambamo hakuna mtu mwingine aliyewahi kufunguliwa kifua, na ambamo kila maumivu madogo ya bega huzua baraza la ukoo.

Maisha ya mtu aliyewekewa vali ya chuma yanafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha vizuri jinsi hofu inavyokaa ndani ya mambo madogo ya kila siku. Vali hiyo hutoa sauti. Kila inapofunga hugonga kwa mlio mwembamba kama wa saa ya ukutani, na usiku, taa zikizimwa na nyumba ikitulia, mwenyewe huusikia, na anayelala naye kitanda kimoja huusikia pia. Katika majuma ya kwanza wapo wanaojilaza ubavu wa kulia, wakajaribu wa kushoto, wakafunika sikio kwa mto, kisha wakagundua kwamba wanauhesabu. Na ukionekana kukawia kwa nukta moja, mwili mzima hulowa jasho. Asubuhi kuna kidonge cha warfarini, dawa inayozuia damu kuganda juu ya chuma hicho, ambayo wagonjwa wengi huiita dawa ya kulainisha damu. Kipimo chake hubadilika mara kwa mara, leo kidonge kizima, kesho nusu, kwa hiyo mgonjwa huketi na wembe au kisu kidogo juu ya kisahani, akikata katikati ya mstari, na kipande kikivunjika vibaya hubaki akijiuliza kama alichomeza ni kingi mno au ni kidogo mno. Damu ikiwa nyepesi kupita kiasi, atatokwa damu hata kwa kupiga mswaki. Ikiwa nzito, donge la damu linaweza kuziba vali au kupanda kichwani na kumletea kiharusi. Katikati ya hatari hizo mbili kuna namba moja inayoandikwa kwenye kadi yake kila anapopimwa, yaani INR, ambayo hulinganisha muda inaochukua damu yake kuganda na ule wa mtu asiyetumia dawa, na ambayo kwa kawaida hutakiwa iwe kati ya 2 na 3.5, kutegemea aina ya vali na mahali ilipowekwa.

Si ajabu basi kwamba namba hiyo hugeuka kuwa hakimu. Wapo wasiolala usiku wa kuamkia kipimo, na wapo wanaoacha kabisa mboga za majani kwa kuwa wamesikia kwamba mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa, ilhali maelekezo sahihi ni kula kwa kiasi kisichobadilikabadilika, ili kipimo cha dawa kipangwe kulingana na mlo huo. Tofauti ya maelekezo hayo mawili inaonekana ndogo, lakini kwa mtu wa kijijini asiyekula nyama kila siku, kukatazwa mboga ni kukatazwa kula na wenzake. Mgonjwa huketi pembeni na sahani yake ya peke yake, na upweke wa sahani hiyo ni wa bure, kwa kuwa umetokana na maelezo yaliyotolewa kwa haraka.

Lipo jambo zito zaidi, ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba, na kuiacha dawa hiyo bila mpango huyaweka maisha ya mama hatarini. Mimba kwa mwanamke mwenye vali ya chuma ni jambo la kupangwa na wataalamu kabla halijatokea, na kwa baadhi yao ushauri huwa ni kutobeba kabisa. Ushauri huo ni sahihi kitabibu, lakini mara nyingi hutolewa kwa sentensi moja, mama mkwe akiwa nje ya mlango, kwa mwanamke wa miaka 23 ambaye katika jamii yake huitwa mama fulani au haitwi kitu. Anapotoka pale huwa amepokea habari mbili, kwamba amepona na kwamba hatazaa, na ndugu waliochanga fedha za nauli na matibabu hutarajia kuona furaha usoni mwake. Huzuni ya namna hii haiwezi kuondolewa kwa kidonge wala kwa nasaha ya kushukuru. Inahitaji kukubaliwa kuwa ni msiba, upewe siku zake kama misiba mingine inavyopewa matanga, na mume aitwe na kuelezwa mbele ya mkewe, ili kama yatakuja maneno ya kutafuta mke mwingine, yasimkute mwanamke huyo akijilaumu kwa ugonjwa ulioanza alipokuwa na umri wa miaka minane.

Wanaopata moyo kutanuka baada ya kujifungua, ugonjwa unaodhoofisha msuli wa moyo kuanzia mwishoni mwa ujauzito hadi miezi michache baada ya uzazi, hukutana na uchungu unaokaribiana na huo kwa upande wa pili: mtoto yupo, lakini mama hana pumzi ya kumbeba, na humwona akizoea mikono ya shangazi.

Kwa wanaume simanzi huingilia mlango mwingine. Mvuvi, mpagazi au fundi ujenzi aliyeambiwa asiinue mzigo ameambiwa pia, bila kutajiwa, kwamba hatakuwa tena mtu anayetoa. Na mtu ambaye nafsi yake yote imejengwa juu ya kutoa hupata taabu kubwa kupokea hata kikombe cha uji. Huja pia hofu ya tendo la ndoa, ambayo huwapata wote wawili, mke akiogopa kwamba mumewe atamfia kitandani, mume akiogopa kushindwa, na hakuna anayelitamka. Maelekezo ya kawaida ya madaktari ni kwamba mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila maumivu ya kifua wala kukatika pumzi, kwa kawaida anaweza kurejea tendo la ndoa. Hayo ni maneno machache, na yangeziokoa ndoa nyingi kama yangesemwa kabla ya kuulizwa. Kimya hapa kina hatari nyingine ya wazi, kwa sababu mwanaume asiyethubutu kumwuliza daktari hununua dawa za nguvu za kiume mtaani, na dawa hizo zikikutana na zile za nitrati, zinazotolewa kutuliza maumivu ya kifua, shinikizo la damu huweza kushuka ghafla na kuua.

Katika familia za Afrika Mashariki hofu ya mgonjwa hukutana na hofu ya ndugu zake, na desturi inayozaliwa hapo inafahamika kila mahali. Mtu mwenye moyo au presha hafikishiwi habari mbaya. Akifariki ndugu yake, redio hupunguzwa sauti saa ya matangazo ya vifo, simu yake huwekwa mbali, wageni huonywa tangu barazani, na huletwa wazee wawili watatu waketi naye kwa muda mrefu, wakizunguka mbali kabla ya kufika, na kikombe cha maji kikiwa karibu. Si busara kuidharau desturi hii. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo mtu hupata dalili zote za shambulio la moyo baada ya mshtuko mkubwa wa hisia, kama kufiwa, ilhali mishipa yake haijaziba. Chumba cha kushoto cha moyo huvimba kwa chini na kubana juu, umbo lililowakumbusha takotsubo, chungu kinachotumiwa na wavuvi wa kwao kumtega pweza, yule yule ambaye wavuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki humchoma kwa mkuki maji yanapokupwa. Hali hiyo, ambayo huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi, kwa kawaida hupoa katika muda wa majuma, lakini inathibitisha kwamba wahenga waliochelea kumshtua mgonjwa hawakuwa wakiota.

Walichokilinda kwa hakika ni namna ya kuambiwa: polepole, na watu wanaoheshimiwa, mtu akiwa ameketi. Desturi hiyo inapopanuka na kuwa ya kumficha mgonjwa kila kitu, kuanzia deni la dukani hadi ugomvi wa watoto, hubadilika sura. Mgonjwa hujua. Hujua kwa jinsi mazungumzo yanavyokatika anapoingia sebuleni, kwa jinsi mkewe anavyotabasamu upesi mno, na akishajua kwamba anafichwa, huanza kuamini kwamba hata majibu ya vipimo anafichwa. Aliyekuwa akiamua mambo ya nyumba hukuta mambo yanaamuliwa chumba cha pili. Naye kwa upande wake hulipa kwa sarafu hiyo hiyo, akiwaficha maumivu ya kifua ili wasihangaike, na hivyo nyumba nzima huishi kwa kulindana bila mtu yeyote kusema kweli, mpaka usiku mmoja analetwa hospitali akiwa amechelewa.

Wapo wanaodhani kwamba imani ya dini inatosha, na wapo madaktari wanaodhani kwamba imani ni kikwazo. Wote wawili wameangalia upande mmoja. Dua, sala na watu wa msikitini au wa jumuiya wanaokuja kumjulia hali mgonjwa ni msaada ambao nchi nyingi tajiri zimeupoteza, na mgonjwa anayeamini kwamba maisha yake yana maana huwa na sababu ya kumeza kidonge cha kesho. Madhara huingia pale machozi yanapohesabiwa kuwa ni kukosa imani, kwa kuwa hapo mgonjwa hubeba ugonjwa wa moyo, sonona na dhambi ya kuwa na sonona. Haya inayoizunguka hali hii haichagui mjinga na msomi. Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, bingwa wa moyo aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa utafiti wa REMEDY na aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuwatetea vijana wa Kiafrika wenye moyo wa rumatiki, alifariki mwezi Julai 2018, na familia yake ilieleza hadharani kwamba alikuwa ameishi na sonona kwa miaka miwili na kwamba alijitoa uhai. Familia hiyo ilifanya jambo la ujasiri, kwa kuwa ilikataa kuificha sababu. Mgonjwa anayetamka kwamba amechoka kuishi anapaswa kusikilizwa papo hapo na kufikishwa kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Kumuuliza kwa upole kama anawaza kujidhuru hakumtii wazo hilo kichwani, kama wengi wanavyochelea, bali humpa nafasi ya kulitua.

Matibabu yapo, na yanafaa kuelezwa bila kutiwa chumvi. Mwaka 2002 Alexander Glassman na wenzake walichapisha jaribio la dawa ya sonona iitwayo setralini kwa wagonjwa 369 waliotoka kupata shambulio la moyo au maumivu makali ya kifua, na ikaonekana kuwa salama kwa moyo. Mwaka uliofuata yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 2,481, ambamo tiba ya mazungumzo, inayomsaidia mtu kutambua mawazo yanayomzamisha na kuyapima upya, ilipunguza sonona ingawa haikuongeza miaka ya kuishi. Waliovunjwa moyo na matokeo hayo walikuwa wanatafuta kitu kimoja tu. Mtu aliyerudishiwa usingizi wake na hamu ya kuongea na wanawe amepata tiba, hata kama kalenda yake haikurefuka. Inafaa kuongeza tahadhari moja ambayo ni muhimu sana Afrika Mashariki: amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, ya bei nafuu na inayopatikana kwa wingi, inaweza kuvuruga umeme unaoongoza mapigo ya moyo, kwa hiyo haifai kuchukuliwa kwenye pakiti ya jirani wala kuandikwa na mtu asiyejua kwamba mgonjwa ana moyo. Setralini nayo, ikitumiwa pamoja na warfarini, huongeza uwezekano wa kutokwa damu, na kipimo cha INR hufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Kutembea ni tiba nyingine, na pengine ndiyo inayorudisha imani kwa haraka. Hofu kubwa ya aliyetoka wodini ni mwili wake mwenyewe, ambao umemsaliti mara moja; akitembea mpaka mti wa kwanza na kurudi salama, kesho mpaka dukani, juma lijalo mpaka msikitini au kanisani, kwa kadiri daktari alivyomruhusu, mwili huanza tena kuaminika. Hujifunza pia kutofautisha moyo unaokwenda mbio kwa hofu, ambao hutulia anapoketi na kuvuta pumzi taratibu, na maumivu ya kubana kifuani yanayodumu dakika kadhaa yakiambatana na jasho baridi, kichefuchefu au kukatika pumzi, ambayo hayangojewi yatulie bali hupelekwa hospitali mara moja. Asiye na uhakika aende; hakuna aibu katika kurudishwa nyumbani.

Linalobaki ni nani wa kuuliza, ikizingatiwa kwamba madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache na wengi wao wako miji mikubwa. Jibu lilishapatikana katika nchi hizi kwa ugonjwa mwingine. Ukimwi ulipozikumba Tanzania, Kenya na Uganda, ndipo maneno "ushauri nasaha" na "kuishi kwa matumaini" yalipoingia katika lugha ya kila siku, na kliniki zikajifunza kwamba mtu mwenye ugonjwa wa kudumu huhitaji kuketi na aliyemtangulia. Nchini Tanzania wapo WAVIU Washauri, watu wanaoishi na virusi ambao hufanya kazi kliniki wakiwapokea wapya na kuwafuatilia waliopotea. Mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambacho Waswahili hukitaja wanaposema fulani ana mawazo. Na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliosikilizwa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kliniki za moyo hazina sababu ya kuanza upya kana kwamba mambo haya hayajulikani.

Maswali ya kuanzia ni mawili, na yanaweza kuulizwa na muuguzi kwenye meza ile ile anapofunga mkanda wa presha mkononi: je, kwa majuma mawili yaliyopita, mgonjwa amekuwa akikosa hamu au furaha ya kufanya mambo yake, na je, amekuwa akijisikia mwenye huzuni au aliyekata tamaa? Akijibu kwamba ni hivyo kwa siku nyingi, huulizwa zaidi au huelekezwa kwa anayeweza kumuuliza zaidi. Ndugu aliyemsindikiza asimjibie.

Na benchi, kwa kweli, lipo tayari. Asubuhi ya siku ya kliniki wanaongoja kupima INR huketi kwa saa kadhaa, kadi zao mkononi, mwenye vali ya miaka kumi akiwa amebanana na mwenye vali ya mwezi mmoja ambaye bado anavuta mtandio juu ili kovu lisionekane shingoni. Kama hakuna anayewatambulisha, huongea juu ya foleni na nauli. Pale ambapo muuguzi amewahi kusema tu kwamba huyu ni mgeni, jambo la kwanza ambalo mgeni huuliza, kwa sauti ya chini, ni kama ule mlio wa usiku huwa unaisha. Na mwenyeji humweleza kwamba hauishi, kisha humwonyesha kwenye kiganja namna ya kukishika kidonge ili wembe usikipasue.